Mzee wa Reli na Milango ya Injini

Pale kwetu Mbotela, mtu akifungua boneti ya gari Jumapili baada ya ibada, hahitaji kumwita yeyote. Kabla hajaipata ile fimbo ya kuishikilia, wanaume watatu washafika na mikono mgongoni, wanaitazama injini jinsi watu wanavyotazama maiti ya mtu wasiyemjua vizuri: kwa heshima, na kwa hamu kubwa ya kujua kilichomuua. Nimeishi kwenye nyumba zile za kaunsili ya jiji tangu nizaliwe, na sijawahi kumsikia mwanamume wa mtaa wetu akisema kwamba hajui gari. Atakubali kuwa hajui mwanawe yuko darasa la ngapi. Gari anajua.

Mimi ni mkalimani wa mahakama, Makadara. Kazi yangu ni kuyasema maneno ya watu wengine kwa lugha ambayo hakimu anaielewa, bila kupunguza wala kuongeza. Kortini, shahidi akianza na "nilisikia", anakatizwa. Kwenye boneti, "nilisikia" ndiyo sheria yenyewe, na aliyesikia kwa shemeji yake aliye Mombasa anapewa nafasi ya kusema mara mbili. Nilikuwa nikitoka kazini nikiwa nimeshiba uongo wa kiapo, halafu Jumapili napata wa bure mlangoni kwangu.

Na gari lenyewe lilikuwa langu. Naliandika hilo wazi kwa sababu hakuna aliyekuwa akilikumbuka. Nililinunua mimi, likaja na meli kutoka Japani likiwa limeshatumika na watu waliolitunza kama mtoto wa pekee, na mimi ndiye niliyekuwa nikiliendesha. Lakini bunge la boneti likikaa, kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Mchana.

Mwenyekiti wa bunge alikuwa baba yangu. Alistaafu shirika la reli kitambo, akarudi nyumbani na koti zito lenye vifungo vya shaba na uzoefu wa miaka mingi wa kugawa vitu stoo. Alikuwa karani wa stoo. Lakini mtaani kwetu mtu wa reli ni mtu wa reli. Nani atakaa kuuliza kama ulikuwa unaendesha treni au unahesabu nati? Wiki ile ile aliyostaafu, jirani alimletea redio iliyokuwa imenyamaza. Baba akaipuliza vumbi, ikaimba. Tangu siku hiyo akawa Mzee wa Reli, na kila chenye waya au bolti kikaletwa kwake kwa uamuzi. Mama alipokuwa hai alikuwa akicheka hadi anakaa chini. Alipotutoka, hakubaki mtu wa kucheka, na baba akazidi kuwa mhandisi.

Juu ya injini ya gari langu, kwenye kile kifuniko cha plastiki nyeusi, pameandikwa herufi tatu: V, V, T. Bunge liliwahi kuzijadili. Jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuwa askari wa kaunsili na ambaye hadi leo husimama kama anayengoja kumkamata mchuuzi, alisema hiyo ni turbo iliyolala, ukikanyaga sana inaamka. Kinyozi wa kona alisema T ni Tokyo. Wakamgeukia baba. Baba akainama, akazisoma taratibu, akasema hiyo ni namba ya stoo. Mjadala ukafungwa.

Gari lilianza kuugua taratibu. Asubuhi likiwashwa lilitoa mlio wa kugongagonga, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo, kisha likanyamaza. Kwenye barabara tambarare lilikwenda. Kwenye mwinuko likawa linavuta miguu. Taa ya njano yenye picha ya injini ikawaka mbele yangu, haikuzimika. Kinyozi akaitibu: alibandika juu yake stika ya kanisa lake yenye maneno Safari Njema kwa Neema. "Hiyo taa ni ya kushtua tu watu, madam," aliniambia. "Usipoiona haikusumbui." Na kweli haikunisumbua.

Baba naye akatoa uamuzi wake. Mashine ikizeeka inataka oili nzito. Reli walitumia oili nzito, na treni zilikuwa zikifika. Kwa hiyo kila gari lilipolalamika, oili ya malori ililetwa kutoka kibandani ndani ya chupa, nzito kama uji wa mgonjwa, ikaongezwa juu ya ile ya zamani. Kumwaga ya zamani ilionekana ni kufuru. Nami nilishika tochi.

Basi mdogo wangu akapata mchumba. Msichana wa watu wa Murang'a, kwao ni juu ya kilima ambacho barabara yake ya udongo mwekundu inapanda kana kwamba aliyeichora alikuwa na hasira. Sisi ni watu wa magharibi. Baba akapiga pasi suti yake, shangazi yangu akatoka Majengo na kofia ya harusi, buti ya gari ikajazwa makreti ya soda na zawadi za kina mama, tukaenda kupeleka posa.

Gari lilikufa moyo katikati ya kilima. Halikuzimika; hilo lingekuwa na heshima yake. Lilinguruma tu, nikakanyaga hadi mguu ukagusa sakafu, nalo likawa linapanda kwa mwendo wa kobe, kisha likasimama na kuanza kurudi nyuma. Wenyeji walituona kutoka juu. Wakatuma pikapu, imebeba majani ya ng'ombe na ndama mmoja. Baba akaitazama ile pikapu, akamtazama ndama, akafunga kifungo cha koti, akaanza kupanda kwa miguu.

Goti lake la kulia ni bovu. Nilitembea nyuma yake nikiona jinsi alivyokuwa akilivuta, na sikuthubutu kumshika mkono. Shangazi alivua viatu. Tulifika wimbo wa kutupokea langoni ushaimbwa ukaisha, na akina mama waliokuwa wauzuie mlango kwa mzaha, kama desturi ya kwao ilivyo, walikuwa wameketi wakijipepea. Msemaji wa wenyeji alikuwa mjomba wa msichana, mzee mpole mwenye fimbo. Alitukaribisha vizuri sana. Alitupa chai. Kisha akasema kwamba mambo ya mtoto hayazungumzwi na mtu anayehema. Wageni wapumzike, warudi siku nyingine. Akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba siku hiyo angependa kumwona mzee mwenzake akishuka kwenye gari.

Hakuna aliyecheka mbele yetu. Wangecheka ingekuwa nafuu.

Tulirudi na gari lile lile, kwa mteremko na tambarare, hadi Jogoo Road. Hapo baba akasema, akitazama mbele, "Kile kilima nitakipanda nimekaa." Mdogo wangu alipendekeza tukodi gari. Baba akamjibu kwamba mtu hapeleki posa kwa gari la kukodi, kama vile haendi na mke wa kukodi. Basi ndoa ya mdogo wangu ikawa imening'inia hapo: baba ashuke kwenye gari letu, juu ya kilima kile, bila kuhema. Nilimwona jioni ile akilikanda goti lake kwa maji ya moto, na niliumia moyoni kuliko nilivyowahi kuumia tangu tumzike mama.

Bunge likakaa Jumapili iliyofuata. Askari akalaumu plagi. Kinyozi akalaumu petroli ya siku hizi. Baba akasema oili haijawa nzito vya kutosha.

Jumatatu nikatoka kazini mapema, nikalipeleka gari kwa fundi mmoja mwanamke mwenye uwanja wake nyuma ya Jogoo Road. Nilikuwa nimemsikia akisifiwa, na nilipofika nikagundua kwamba sifa nyingi alikuwa anajipa mwenyewe. Alikuwa na ovaroli ya buluu, rangi ya mdomo iliyokolea, na tabia moja ambayo wateja wake wanaijua: harudishi ufunguo mpaka usikilize somo. Anasema amechoka kutengeneza magari ya watu wanaorudi kuyaharibu.

"Niaje madam," alisema. Aliwasha gari, akasikiliza ule mgongano, akabandua stika ya Neema kwa ukucha, akaitazama taa. Akachomoa dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, akaishika kwenye jua. Oili haikudondoka. Ilikaa pale ikifikiria.

"Nani alikwambia uweke hii?"

"Ni mzee wangu."

"Mzee ni fundi?"

"Alikuwa reli."

"Dereva wa treni?"

"Stoo," nikasema.

Alicheka hadi akashika ukuta. Nilitaka kumchapa, na wakati huo huo nikamkumbuka mama.

Alifungua bolti moja juu ya injini, akatoa kidude chenye urefu wa kidole na kichwa cha plagi ya umeme. Kisha akatoa kichujio kidogo sana, wavu ambao ungetosha kwenye kifundo cha kidole. Hakikuwa na tundu hata moja lililokuwa wazi. Kilikuwa kimejaa lami nyeusi. Akakiweka kwenye kiganja changu, akaniketisha juu ya tairi, somo likaanza.

"Unaenda church?"

"Naenda."

"Church yenu iko na milango ngapi?"

"Miwili."

"Basi hata injini. Moja ya kuingia, moja ya kutoka. Hewa inaingia na petroli, inachomwa, moshi inatoka. Hizo milango ndio valvu. Sasa swali ni, nani anajua saa ya kufungua?"

Yaliyobaki nitayatafsiri, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Juu ya injini pana chuma kirefu chenye manundu, kinaitwa kamshafti. Cheni inakizungusha. Kila nundu likifika mahali pake linausukuma mlango, unafunguka. Likishapita, springi inaufunga. Katika injini za zamani, saa ya kufungua na kufunga ilikuwa moja tu, iwe gari limesimama likinguruma au linapanda mlima na makreti ya soda. Aliyeiunda alichagua saa ya katikati ambayo haimfai mtu yeyote vizuri, kama ile saa inayoandikwa kwenye kadi ya harusi.

Sasa fikiria kanisa letu, ibada ya kwanza inatoka na ya pili inaingia. Injini ikinguruma polepole, waumini ni wachache na wamelegea. Ukiufungua mlango wa kuingilia kabla wa ibada ya kwanza hawajamaliza kutoka, wanagongana, wengine wanarudishwa ndani, na injini inatetemeka. Hapo mlango wa kuingilia unafaa uchelewe. Lakini mlango uliochelewa kufunguliwa unachelewa pia kufungwa. Ukipanda kilima na mzigo, pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya injini, inaanza kupanda kuibana hewa, inakuta mlango bado uko wazi, na watu walioshaingia wanasukumwa nje. Unahubiria nusu ya kusanyiko. Kwa hiyo kwenye kilima mlango unatakiwa ufunguliwe mapema, ufungwe mapema, watu wakae ndani. Na ukikimbia sana kwenye barabara kuu mambo yanageuka tena: watu wanaingia kwa kasi, wanasukumana, na ukiwahi kufunga unawaacha nje waliokuwa njiani.

"Sasa hiyo VVT," alisema fundi, akigonga kile kifuniko cha plastiki, "ni kusema hii injini inaweza kubadilisha saa ikiwa inatembea. Si turbo."

"Wala si namba ya stoo," nikasema.

"Nani alisema ni namba ya stoo?"

Akaendelea. Mwishoni mwa kamshafti, pale cheni inaposhika, kuna gurudumu ambalo ndani lina vyumba vidogo vya oili. Kompyuta ya gari inaangalia umekanyaga kiasi gani na injini inazunguka vipi, halafu inakiamuru kile kidude cha umeme: peleka oili upande huu, au upande ule. Oili inasukuma kuta za vile vyumba, na kamshafti inajipindua mbele kidogo au nyuma kidogo kuliko cheni inavyotaka. Ni kidogo tu, lakini mlango unawahi au unachelewa, na gari linapumua.

"Watu wanadhani oil ni ya kupaka tu, kama mafuta ya nywele," alisema. "Hapa oil ni mkono. Ndiyo inasukuma. Sasa nyinyi mmemwaga uji kwa vishimo ndogo hivi. Mkono umekufa ganzi. Hiyo kitu imekwama nyuma, mahali inalala ikizimwa. Barabara ya flati utaenda. Kilima, enda na miguu."

"Tulienda," nikasema.

Nilikaa juu ya tairi lile na kichujio mkononi, na hapo ndipo jambo lenyewe liliponiingia. Baba alikipanda kile kilima na goti lile kwa ushauri wake mwenyewe. Oili ile aliimwaga kwa mkono wake, chupa baada ya chupa, huku mtaa mzima ukiitikia. Nitamwambiaje?

Fundi alisafisha kidude na kichujio, akaimwaga ile lami yote, akapitisha oili ya kusafishia, akaimwaga nayo, akaweka mpya: nyepesi, rangi ya asali. Nilipanda nalo mwinuko wa kwanza niliokutana nao, nikakanyaga, na gari likaninyanyua hadi nikasema samahani kwa sauti. Mgongano wa asubuhi ulipungua, baada ya siku chache ukaisha. Taa ya njano ilizimika. "Mtu akirudisha ile nzito," fundi alinionya akinipa ufunguo, "msiniletee hii gari. Mpelekee huyo wa stoo."

Nilijaribu kumwambia baba. Naapa nilijaribu. Nilikuwa namwekea chai, nafungua mdomo, naona lile koti la vifungo vya shaba limetundikwa nyuma ya mlango, naufunga. Kortini naweza kumwambia muuaji maneno mabaya kabisa bila sauti kutetemeka, kwa sababu maneno si yangu. Haya yalikuwa yangu. Nilimwambia tu kwamba gari limefanyiwa usafi. Baba akasema usafi ni mzuri.

Kilichonitia hofu ni desturi ya mtaa wetu kabla ya safari ndefu. Sijui ilianza lini. Gari halitoki kwenda mbali mpaka lilishwe mbele ya watu. Boneti inafunguliwa, mzee wa nyumba anavua kofia, anamimina oili kidogo, mtu anaomba, watu wanasema amina. Askari aliyestaafu huja na kiti chake. Na katika mtaa mzima, hakuna anayelisha injini kwa uzuri kama Mzee wa Reli.

Asubuhi ya safari ya pili nilimkuta amesimama kwenye boneti akiwa na suti, na chupa ya oili ya malori mkononi. Askari ameketi. Kinyozi amefunga duka. Shangazi na kofia yake yuko tayari kuomba.

"Baba, imejaa," nikasema.

"Mashine haishibi," akajibu.

"Baba, nakuomba."

Akanitazama kidogo. "Nenda kaniletee kofia yangu. Siwezi kuvua kofia ambayo sijavaa."

Nilikimbia. Niliitafuta kofia ile kama mwendawazimu, nikaipata chini ya mto wake, nikatoka mbio, na nilipofika nje shangazi alikuwa akisema amina. Baba alikuwa ameinama, chupa imeelekea chini, mkono wake umeizunguka shingo ya chupa kwa adabu, watu wameinamisha vichwa. Akainyanyua, akafunga boneti mwenyewe, akaingia kiti cha mbele. "Twende," akasema. "Wenyeji hawangoji."

Sikumbuki kitu kingine cha safari ile isipokuwa mlio wa injini. Niliusikiliza tangu Mbotela hadi Murang'a. Shangazi aliimba, mdogo wangu alifanya mazoezi ya hotuba, mimi nilikuwa nangoja ule mkono ufe ganzi tena. Nilikuwa nimemkasirikia baba kiasi kwamba sikuthubutu kugeuza shingo upande wake. Nilijikasirikia mimi zaidi, kwa kuwa na mdomo unaofanya kazi kwa serikali tu.

Tukafika chini ya kilima. Nikaweka gia, nikakanyaga. Gari lilivuta pumzi, nikausikia mlio ukibadilika, ukishuka kifuani, na kilima kikaanza kupita chini yetu. Tulipita mahali tulipokwama. Tulipita mahali shangazi alipovua viatu. Juu, akina mama walikuwa wameshikana mikono langoni wakiimba, wakituzuia kama inavyotakiwa, na injini ikawa inanguruma taratibu mbele yao bila kutetemeka huku shangazi akiwajibu kwa nyimbo za kwetu ambazo hawakuzielewa. Waliporidhika wakafungua. Mjomba wa msichana alikuja na fimbo yake hadi kwenye mlango wa gari. Baba akashuka. Akanyoosha koti. Hakuhema.

Mazungumzo yakaenda vizuri. Siku ya harusi ikapangwa. Baba alizungumza kwa ufasaha, na mimi nikatafsiri pale wazee wa kwetu na wa kwao waliposhindwa kuelewana, yaani mara nyingi.

Tulirudi jua likiwa bado juu. Shangazi na mdogo wangu walilala nyuma. Karibu na Thika, baba akapeleka mkono chini ya kiti, akatoa ile chupa ya oili ya malori, akaiweka juu ya paja. Ilikuwa imejaa. Utepe wa kifuniko haukuwa umekatwa.

Niliitazama, nikatazama barabara.

"Nilimimina kifuniko kikiwa kimefungwa," alisema. "Hakuna aliyeona. Walikuwa wamefumba macho, nawe ulikuwa unatafuta kofia."

"Kwa nini, baba?"

"Nilichomoa ile fimbo ya oili siku ile uliyosema umefanya usafi. Nikaona nyepesi, rangi ya asali. Oili nimeigawa maisha yangu yote, ningekosa kujua kwamba umebadilisha? Nikajua umeenda kwa mtu anayejua."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Nikalipita lori moja. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimi nilikuwa nikigawa oili tu. Mtu analeta karatasi, nampa dumu, anaweka sahihi. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniambia inaenda kufanya kazi gani ndani. Nami sikuuliza. Halafu nikaja nyumbani watu wakaanza kuniuliza mimi."

Nilitaka kusimamisha gari nimkumbatie, lakini kwetu mtu hamkumbatii baba yake kando ya barabara. Nilipunguza mwendo tu, bila sababu. Naye aliona.

Jumapili ikafika, boneti ikafunguliwa, bunge likakaa. Askari alitoa ushahidi wake amesimama: gari lilipanda kwa sababu lililishwa oili nzito asubuhi ile, yeye mwenyewe aliiona ikimiminika kwa macho yake mawili. Kinyozi akasema hata yeye, na kwamba ilikuwa nzito kupita siku zote. Baba akaenda ndani, akarudi na chupa, akaiweka juu ya injini, imejaa, utepe wake mzima. Askari akaiinamia, akaichunguza pande zote.

"Basi hiyo ni nyingine," akasema.

"Mzee wa Reli," akasema kinyozi, "si wewe utuambie ilikuwa ni nini?"

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mahali pale pale pa siku zote, mbele ya taa ya kulia. Akainuka, goti likalia. Akakisogeza kigoda pembeni, akaichukua tochi mikononi mwangu, akaiwasha juani, akanimulikia injini mimi niliyekuwa nikiwamulikia wao kila Jumapili.

"Muulizeni mwenye gari," akasema. Kisha akanigeukia, na sikuona mzaha usoni pake. "Haya, mama. Anza na hizo herufi tatu, polepole, nami nijue."